Rwanda Wanafunga Mji Juu ya Baiskeli, Eastlands Hatuna Pa Kupita: Froome wa Kayole Atatoka Wapi?

Buda, nikuulize. Mara ya mwisho uone mse wa baiskeli Outering jioni, alikuwa wapi? Katikati ya mathree mbili, akiomba Mungu. Ile njia ya baiskeli ya kando ilikuwa imejaa viatu za mitumba, trolley ya smokie na boda zimepaki.

Sasa cheki Rwanda. Septemba 2025 Kigali ilileta mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule zilifungwa, barabara zikafungwa, watu wakajaa kando bila kulipa hata shilingi. Na hiyo haikutoka hewani. Tour du Rwanda iko kwa kalenda ya kimataifa tangu 2009, na 2019 ikapandishwa daraja.

Kama hujawahi fuatilia hizi mbio za siku nyingi, hesabu ni rahisi. Muda wako wa kila siku unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye anavaa jezi ya njano. Unaweza shinda leo, kesho mlima ukumalize. Na hushindi solo. Wasee wa timu yako wanakukatia upepo mbele, wewe unajificha nyuma yao ukihifadhi nguvu. Watoi wa Eastlands wanajua hiyo hesabu kitambo: ndiyo maana huwa wanafuata lori kwa ukaribu Jogoo Road. Tofauti ni kwamba wao wakikosea, hakuna ambulensi nyuma.

Usiniambie hatuna talanta. Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah, jamaa wa Kikuyu. 2008 akachukua leseni ya Uingereza, kisha akabeba Tour de France mara nne. Bendera iliyopanda haikuwa yetu. Suleiman Kangangi naye alimaliza wa tatu Tour du Rwanda 2017. Tukampoteza Agosti 2022 kwa ajali mbioni kule Vermont, Marekani. Na 2024 Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ndogo kutuliko, alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi home na jezi ya kijani.

Kwa hivyo shida si miguu. Ni mbili tu: doh na barabara. Baiskeli moja ya kina Girmay inanunua boda kadhaa, na hiyo siwezi solve nikiwa hapa Umoja. Lakini barabara? Hiyo ni kuamua tu. 2022 Expressway ilifungwa wasee wakimbie Nairobi City Marathon, na jiji halikuanguka. Mbona Jogoo Road isifungwe Jumapili moja asubuhi, masaa matatu, kutoka Donholm hadi City Stadium?

Tunayo Migration Gravel Race kule Mara, siku nne za vumbi. Fiti kabisa. Lakini mtoi wa Dandora haoni Mara. Anaona kile kinapita mbele ya ploti yao.

Kuna kijana sahi anapandisha mitungi ya maji na black mamba, bila gia, kila siku. Hakuna mtu amewahi kumpima saa. Wewe unamjua wa mtaa wako? Tuambie, na pia umwambie MCA wako.