Nzi asiyeruka wa Ukazi ni urithi ambao Kenya haijauhesabu

TAIFA linapotaja urithi wake wa wanyama, fikira za wengi huwaendea ndovu, simba na faru. Ni nadra mtu kumtaja nzi. Hata hivyo, katika jabali la Ukazi, kando ya barabara kuu inayotoka Thika kuelekea Garissa, anaishi nzi ambaye wanasayansi walilazimika kumwundia familia yake peke yake, kwa sababu hakufanana na nzi mwingine yeyote aliyejulikana duniani.

Jina lake la kitaalamu ni Mormotomyia hirsuta. Sehemu ya kwanza imetokana na maneno ya Kigiriki yanayobeba maana ya kutisha na nzi, na ya pili ni neno la Kilatini la mwenye manyoya. Ndiyo maana hujulikana pia kama nzi wa kutisha mwenye manyoya. Licha ya jina hilo, ana urefu wa takriban sentimita moja tu na hana madhara yoyote yanayojulikana kwa binadamu.

Nzi huyu alikusanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1933, enzi za ukoloni. Sampuli zake zilifikishwa London, ambako mtaalamu wa nzi, E. E. Austen, alimweleza rasmi mwaka wa 1936. Alikusanywa tena mwaka wa 1948, kisha akatoweka machoni pa sayansi kwa zaidi ya miaka 60.

Ilikuwa hadi Desemba 2010 ambapo Robert Copeland wa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu (ICIPE) kilichoko Nairobi, pamoja na Ashley Kirk-Spriggs wa Makavazi ya Kitaifa ya Bloemfontein, Afrika Kusini, walipompata tena katika jabali lile lile. Hadi wakati huo, Ukazi ndipo mahali pekee duniani alipojulikana kuishi.

Ili kuelewa kwa nini habari hizo ziliwasisimua wataalamu, sharti kwanza mtu atazame umbo la nzi wa kawaida. Mwili wa nzi, kama wa wadudu wote, umegawanyika katika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kichwani mna papasi mbili na macho mawili makubwa, kila jicho likiwa limeundwa kwa maelfu ya lenzi ndogo ndogo. Kifua ndicho kinachobeba miguu sita na mabawa, na ndani yake kimejaa misuli ya kurukia.

Wadudu wengi wanaoruka, kwa mfano nyuki na vipepeo, wana mabawa manne. Nzi, mbu na mbung'o wana mawili tu. Mabawa yao ya nyuma yamegeuka kuwa vijiti vifupi vyenye vichwa vya duara mithili ya rungu, ambavyo hutikisika mdudu anaporuka na kumsaidia asiyumbe. Kwa alama hiyo, wataalamu wamekusanya katika kundi moja zaidi ya spishi 150,000 zilizokwisha kupewa majina.

Nzi wa Ukazi ni kana kwamba ameamua kukaidi kanuni hizo. Mabawa yake yamesinyaa na kubaki vipande vyembamba visivyoweza kumwinua kutoka chini. Macho yake ni madogo mno yakilinganishwa na ya nzi wa nyumbani. Mwili wake umefunikwa kwa manyoya marefu, nayo miguu yake ni mirefu na yenye manyoya kiasi kwamba anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ni buibui.

Hata hivyo, kuhesabu miguu hiyo kunatosha kuondoa shaka. Buibui ana miguu minane na hana papasi. Huyu ana miguu sita, na kila mguu umeundwa kwa mpangilio ule ule wa nzi wengine: nyonga fupi, paja, goko na unyayo wenye pingili tano unaoishia kwa kucha. Tofauti iko katika vipimo tu. Sehemu ambazo kwa nzi wa jikoni ni fupi, kwake zimerefushwa, naye hutembea juu ya mwamba pale ambapo wenzake wangeruka.

Manyoya yake nayo si sawa na ya paka au mbuzi. Kwa wadudu, kila unywele ni kijiti kilichochipuka kutoka kwa ganda la mwili, na mwingi wa aina hiyo huwa na mshipa wa fahamu kwenye shina lake. Unapoguswa, hata na upepo mwepesi, mdudu hupata habari. Kwa kiumbe aishiye gizani, kupapasa kuna faida kubwa kuliko kuona.

Hapa ndipo umbo la nzi huyu linapoanza kueleza makazi yake. Anaishi katika ufa wa jabali ambamo popo hujificha. Mabuu yake hukua katika kinyesi cha popo hao, na wataalamu wanadhani kuwa nzi waliokomaa hulamba majimaji yanayotoka katika miili ya popo. Chakula, malezi na maficho vyote vimo katika mwanya mmoja. Nje yake ni nyika kame yenye jua kali.

Katika mazingira ya aina hiyo, mabawa huwa mzigo. Kuyakuza na kuyalisha misuli yake kunahitaji nguvu nyingi, na nzi anayeruka na kutoka nje ya ufa huenda asirudi. Wanaobaki ndani ndio wanaozaa. Kizazi baada ya kizazi, mabawa hupungua na miguu ikachukua nafasi yake.

Jambo hili si geni katika taaluma ya viumbe. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1859 kuhusu asili ya spishi, alitaja mende wa kisiwa cha Madeira, ambako kati ya spishi 550 zilizokuwa zimejulikana, takriban 200 hazikuweza kuruka. Alieleza kuwa wale waliopenda kuruka walipeperushwa baharini wakaangamia. Jabali la Ukazi halijazungukwa na maji, lakini kwa mdudu asiye na mabawa, nyika inayolizunguka ni sawa na bahari.

Aidha, umbo hili linatoa onyo kwa wanaoamini kuwa sura pekee inatosha kutambua ukoo. Wapo nzi wengine wanaofanana na buibui, ambao huishi katika manyoya ya popo na kufyonza damu yao. Nao pia baadhi yao hawana mabawa kabisa. Ingekuwa rahisi kudhani kuwa nzi wa Ukazi ni ndugu yao, ila utafiti wa chembe za urithi umemweka katika kundi pana linalowajumuisha nzi wadogo wanaozingira ndizi zilizoiva. Kufanana kwake na nzi wa popo kumetokana na maisha yanayokaribiana, wala si udugu wa damu.

Kuna watakaouliza: Mkulima wa Kitui au mfanyabiashara wa Mwingi atafaidi nini kwa kujua urefu wa mguu wa nzi? Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende, na Kenya tayari imewahi kujifunza kutokana na nzi mwingine.

Mwaka wa 2003, wataalamu nchini waligundua katika eneo la Pwani nzi wa matunda ambaye hakuwa amejulikana barani Afrika. Mwaka wa 2005 alielezwa kuwa spishi mpya na kupewa jina la Bactrocera invadens, kwa kutazama alama zilizo kifuani, tumboni na kwenye mabawa yake. Nzi huyo alienea kwa kasi katika nchi nyingi za Afrika akitaga mayai ndani ya maembe na matunda mengine.

Hasara yake haikuishia shambani. Mwaka wa 2014, Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mauzo hayo hayakurejea hadi mwaka wa 2021. Miongoni mwa walioathiriwa ni wakulima wa Ukambani, eneo lile lile lenye jabali la Ukazi.

Kisa hicho kina funzo jingine. Mwaka wa 2015, baada ya kulinganisha tena maumbile, chembe za urithi na tabia za uzazi, wanasayansi walitangaza kuwa aliyeitwa spishi mpya hakuwa ila Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda aliyejulikana tangu zamani barani Asia. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kwa wakulima na wafanyabiashara. Mdudu anapotambuliwa vyema, ujuzi uliokwisha kupatikana kwingineko kuhusu namna ya kumdhibiti huweza kutumiwa, na masharti ya biashara huwekwa kwa haki.

Kwa hivyo, kazi ya kupima miguu, kuhesabu pingili na kuchora mabawa si mchezo wa wasomi wasio na shughuli. Ni msingi wa kilimo, tiba na biashara. Bila ya mtu anayeweza kutofautisha nzi mmoja na mwingine, hakuna anayeweza kusema ni yupi wa kuangamizwa na yupi wa kulindwa.

Nzi wa Ukazi yumo katika fungu la pili. Ndovu akitoweka nchini Kenya, jambo ambalo litakuwa msiba mkubwa, bado watabaki ndovu Botswana na kwingineko. Familia ya Mormotomyia ina spishi moja tu inayojulikana. Ikitoweka, litakuwa limekatwa tawi zima la ukoo wa nzi, na hakuna taifa jingine litakaloombwa kuazima mbegu.

Hatari zinazoweza kumkabili ni rahisi kuzitaja. Nzi asiyeruka hawezi kuhama makazi yake yanapoharibiwa. Uchimbaji wa mawe unaweza kubomoa ufa kwa siku chache. Uzoaji wa kinyesi cha popo kwa ajili ya mbolea unaweza kuondoa malezi ya mabuu yake. Na popo wakifukuzwa kwa moshi au moto, nzi hatakuwa na la kutegemea.

Popo wenyewe hawana watetezi wengi. Wengi huwahusisha na uchawi, na tangu janga la Covid-19 lilipozuka, hofu ya maradhi iliongezeka. Ni kweli kuwa watu hawapaswi kuingia ovyo katika mapango yao. Hata hivyo, njia ya busara ni kuwaacha mahali walipo wala si kuwaua, kwani wapo wanaopunguza wadudu waharibifu usiku na wapo wanaochavusha maua ya miti.

Sheria haikosekani. Katiba iliyoanza kutumika Agosti 2010, miezi minne tu kabla ya nzi huyu kupatikana tena, inaipa Serikali jukumu katika kifungu cha 69 la kulinda rasilimali za jenetiki na anuwai ya viumbe. Kifungu hicho hakisemi viumbe wakubwa pekee. Lakini sera, fedha na matangazo ya utalii huelekezwa kwa wanyama wanaoonekana kutoka dirisha la gari.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa. La kwanza ni serikali ya Kaunti ya Kitui na idara za kitaifa kulitambua jabali la Ukazi kuwa eneo la kuhifadhiwa, na kupiga marufuku uchimbaji wa mawe karibu na ufa huo. La pili ni kuwashirikisha wakazi, kwa sababu ndio walio karibu na jabali kila siku. Mlinzi wa kwanza wa hazina ni yule anayejua kuwa ni hazina.

La tatu, na pengine gumu zaidi, ni elimu. Kenya ina bahati ya kuwa na ICIPE, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kuwa Waafrika wanaweza kuongoza utafiti wa wadudu wao. Ina pia Makavazi ya Kitaifa yenye hifadhi ya sampuli za wadudu. Kinachohitajika ni vijana wanaofunzwa na kuajiriwa kufanya kazi ya uainishaji, ili nzi wa Ukazi na wenzake wasingoje tena miaka 60 kabla ya kuulizwa hali.