Chakula cha Ziada si Makombo

Wahenga walilonga kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini hakuna anayeitamka methali hii mbele ya rafu ya bidhaa zilizopunguzwa bei, lakini ndiyo inayomwongoza mnunuzi anayeipita rafu hiyo bila kugeuza shingo. Mkate uliookwa jana, maziwa yaliyobakiza siku mbili na ndizi iliyoingia madoadoa huangaliwa kwa jicho la shaka, ilhali vingali vyafaa kuliwa. Mnunuzi hujiuliza: ikiwa ni kizuri, mbona kimeshushwa bei? Tena, jirani akimwona atasemaje?

Shaka hiyo ina gharama. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka wa 2024 na UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira na ambalo makao yake makuu yako Nairobi, tani bilioni 1.05 za chakula, pamoja na sehemu zisizolika, zilitupwa ulimwenguni mwaka wa 2022. Asilimia 60 ya kiasi hicho ilitupwa majumbani, asilimia 28 mikahawani na kwingineko kunakoandaliwa vyakula, na asilimia 12 madukani. Huenda mtu akadai kwamba fungu la maduka ni dogo. Hata hivyo, jicho linaloikataa ndizi yenye madoa dukani ndilo lile lile linaloitupa nyumbani.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana la kusema hapa, maadamu sehemu ya tatizo hili imo katika lugha. Kiswahili kina hazina ya maneno ya kutajia chakula kilichosalia: makombo, masazo, kiporo, mwiku. Kiporo kina heshima yake. Wali wa jana hupashwa moto ukaliwa kwa chai, na hakuna anayeona haya. Makombo, kwa upande mwingine, ni mabaki ya sahani ya mtu mwingine, na kumwambia mtu mzima ale makombo ni kumtusi. Maneno haya yote yanahusu chakula kilichokwisha kupikwa au kuguswa. Chakula kizima, kisichoguswa na yeyote, kilichozidi tu mahitaji ya siku, hakina jina lake mahususi ila neno pana la ziada. Kwa kukosa jina, aghalabu hutiwa katika kapu moja na makombo, na aibu ya makombo ikakipata.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mnunuzi kwa kiburi peke yake. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mnamo Mei 2023, serikali iliwasimamisha kazi maafisa kadhaa baada ya sukari iliyotangazwa kuwa haifai kuliwa kutolewa ghalani kinyume cha utaratibu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mnunuzi aliyeyasikia hayo ana sababu ya kuogopa bei inayoshuka ghafla.

Ajabu ni kuwa mnunuzi huyo huyo haogopi sokoni. Jua linapotua, mama mboga huzikusanya nyanya zilizosalia, akazipanga mafungu makubwa na kuziuza kwa ile inayoitwa bei ya kutupa. Wanunuzi humiminika bila soni. Tofauti ni kwamba nyanya hubonyezwa, hugeuzwa na kunuswa. Mkono na pua ndivyo vinavyotoa ushahidi. Chakula kilichofungwa katika pakiti hakina ushahidi ila maandishi, na ndiyo maana maandishi hayo yana uzito.

Nayo maandishi hayo mara nyingi hayamwelekezi. Tarehe zinazochapwa kwenye pakiti ni za aina mbili. Kuna ya usalama, ambayo ikishapita chakula chenyewe, kama vile nyama mbichi, hakipaswi kuliwa. Kuna pia ya ubora, ambayo huonyesha tu muda ambao biskuti au tambi zitakuwa na ladha yake kamili. Tofauti hii huelezwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na wengi huzisoma tarehe zote mbili kama siku ya mauti. Kisicho na hatari hukimbiwa siku kadhaa kabla ya muda wake kwisha.

Kwingineko hatua zimechukuliwa. Nchini Denmark, duka la WeFood lilifunguliwa jijini Copenhagen mwaka wa 2016 kuuza chakula cha ziada kwa kila mtu, si kwa maskini pekee. Mwaka huo huo, Ufaransa ilipitisha sheria inayoyakataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Kenya haihitaji kuiga kila jambo, lakini ina msingi wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo kuhusu bidhaa, na Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo mbili zikikutana kwenye pakiti, maneno kama "salama hadi" na "bora kabla ya" yatamfaa mnunuzi kuliko hotuba nyingi.

Hapana budi kuonya kuwa jina jema halitakisafisha kilichooza. Muuzaji anayebandika tarehe mpya juu ya ya zamani anaua imani ya wanunuzi wote, na asipoadhibiwa, kazi ya lugha itakuwa bure. Lakini mahali palipo na uaminifu, jina sahihi hufungua mlango. Vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo vimezoea kubuni istilahi za isimu na fasihi, na viteremke hadi rafuni. Huko kuna chakula kinachongoja kuitwa kwa jina lake, na watu wanaokihitaji ambao wangali wanaona haya kukinunua.