Mji wa Shumen na Msikiti Wake

Ndugu msomaji, leo tunapenda kukupeleka katika nchi ambayo wengi wetu hatuidhanii kuwa ina Waislamu, nayo ni Bulgaria. Mji wenyewe ni Shumen, ulioko upande wa kaskazini-mashariki.

Mji huo uliingia mikononi mwa Waturuki mwaka 1388, ukakaa chini ya dola yao hata vita vya 1877 na 1878. Mwaka 1744 ulitimia msikiti wa Sherif Halil Pasha, mzaliwa wa kijiji cha Madara kilicho karibu na hapo. Watu huuita Tombul, yaani mnene, kwa ajili ya kuba lake la mviringo. Kuba hilo lina kimo cha mita 25, na mnara mita 40. Walakini lililotupendeza zaidi sisi watu wa vyuoni ni kuwa Pasha hakujenga mahali pa kusalia tu: aliweka pamoja nao madrasa, chuo cha watoto na maktaba, na uani birika zuri la kutawadhia. Elimu ilidumu mjini humo, kwani mwaka 1922 ilifunguliwa madrasa ya Nüvvab kwa kuwasomesha makadhi na mamufti.

Mgeni afikaye Shumen huenda pia Madara kutazama sura ya mpanda farasi iliyochongwa jabalini, mita 23 kutoka chini, katika karne ya 8. Ni kazi ya Wabulgari wa kale, kabla hawajaingia Ukristo.

Ama khabari iliyotuhuzunisha ni hii. Katika baridi ya 1984 na 1985 serikali ya kikomunisti iliwalazimisha Waislamu wa Kituruki kuyaacha majina yao na kuandikwa majina ya Kibulgaria. Hata kuwatahiri watoto kulikatazwa. Sisi ambao kila asubuhi huita chuoni Ahmad, Fatuma na Yusuf, khabari hii tuliisoma mara mbili. Mwaka 1989 watu zaidi ya 300,000 walivuka mpaka kwenda Uturuki, wengine wakiacha nyumba na mashamba. Serikali ile ilipoanguka, sheria ya 1990 iliwaruhusu kuyarejesha majina yao. Wengi walirudi makwao, na msikiti wa Sherif Halil Pasha waliukuta ungali umesimama.