Bomba la Moshi Likibadilishwa, Kabureta Nayo Itazamwe

Ndugu wazazi na vijana wa Tarime na Serengeti, juma hili tunazungumzia ada iliyoenea kwa vijana wetu wa bodaboda: kung'oa bomba la moshi lililokuja na pikipiki na kufunga la wazi, kwa kudhani kuwa mlio mkubwa ndio nguvu.

Mlio si nguvu. Bomba la asili limepimwa pamoja na kabureta. Likifungwa la wazi, moshi hutoka kwa wepesi na injini huvuta hewa zaidi, ilhali jeti inapitisha petroli kwa kipimo kilekile cha zamani. Petroli kilo 1 huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikizidi, injini huchemka, na mwisho wake ni pistoni au vali kuungua.

Dalili zake zinajulikana. Bomba hupiga milipuko midogo dereva anapoachia mafuta, na plagi ikifunguliwa ncha yake huwa nyeupe. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ndiyo iliyozidi. Inayotakiwa ni ya rangi ya kahawia hafifu.

Aliyekwisha kubadilisha, basi fundi wake aanze kwa kusafisha filta ya hewa, kwani vumbi la barabara zetu huiziba, na ahakikishe maungio ya bomba hayavuji. Kisha aongeze jeti kuu hatua moja tu, injini ipate moto, pikipiki ipandishwe mlima kwa mafuta mengi, izimwe, na plagi itazamwe. Wala asinakili namba ya jeti iliyotumika Dar es Salaam. Ziwa Victoria pekee liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime uko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo jeti iliyofaa pwani yaweza kuwa kubwa mno kwetu.

Lakini liko jambo zito kuliko jeti. Wengi wa vijana hawa wanaendesha pikipiki za mkataba, wakipeleka hesabu mpaka muda utimie. Chombo hicho bado ni amana. Hakibadilishwi bila idhini ya mwenyewe. Pistoni ikiungua katikati ya mkataba, hesabu haisimami, na pengo hilo huzibwa kwa chakula cha mke na watoto.

Tena, kabureta hata ikirekebishwa vizuri namna gani, haiwapunguzii kelele mgonjwa na mama mwenye kichanga walio jirani. Haki yao iko palepale.

Kwa hiyo tunawanasihi vijana walirudishe bomba la asili, na kama limeoza, wanunue la aina ileile. Nanyi wazazi, msingoje kuitwa gereji. Waulizeni leo, kwa upole, ni nani aliyetoa idhini.