Kunasa Matangazo Mubashara ya Mtandaoni: Wajibu wa Mwanaisimu wa Pwani

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichohaririwa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maelezo yake ilitokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo. Kwa msaada wa kitabu hicho, msomi wa leo anajua jinsi watu wa Mrima walivyoozana, walivyozikana na walivyocheza ngoma zao. Asichoweza kukijua ni sauti: mkazo wa mwimbishaji, kiitikio cha hadhira, na mahali ambapo msemaji alinyamaza ili asikilizwe.

Leo hali imegeuka. Sauti na sura vimepatikana kwa wingi, lakini havidumu. Maulidi ya Bagamoyo, harusi ya Kaole, au ngoma ya selo inayochezwa na Wazigua, yaweza kurushwa mubashara kwa simu ya mkononi na kutazamwa papo hapo Dar es Salaam, Muscat au London. Watazamaji wengi hudhani kwamba kilichopita mtandaoni kimehifadhiwa mtandaoni. Dhana hiyo si sahihi. Tangu tarehe 19 Februari 2025, video mubashara za Facebook huhifadhiwa kwa siku 30 tu, kisha hufutwa. Matangazo ya YouTube huweza kubaki, lakini mwenye akaunti anaweza kuyaondoa wakati wowote. Hivyo kumbukumbu ya lugha ya pwani imewekwa mikononi mwa kampuni ambazo hazikuundwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Makala haya yanadai kwamba kunasa matangazo hayo katika kompyuta ya nyumbani ni kazi ya utafiti wa uwandani, na kwamba idara za Kiswahili hazina budi kuifundisha na kuisimamia kama zinavyofundisha mbinu za mahojiano.

Lugha yenyewe inasaidia kufafanua kazi hii. Kupakua ni kuchukua kitu ambacho tayari kipo mahali kilipowekwa, kama chakula kilichomo chunguni. Kunasa ni kukamata kinachopita, kama mtego unavyofanya. Aliyechelewa kupakua aweza kurudi kesho; aliyechelewa kunasa amekosa. Neno kinasasauti lilikuwapo kabla ya intaneti, na maana yake inafaa vilevile kwa kazi hii mpya.

Vifaa vinavyohitajika si vya anasa. Programu ya OBS Studio, ambayo hutolewa bila malipo, huweza kurekodi picha iliyo kwenye kioo cha kompyuta pamoja na sauti inayotoka ndani ya mashine. Ni muhimu mtafiti azime maikrofoni, la sivyo kelele za nyumbani zitaingia katika data. Kwa kiwango cha megabiti 2.5 kwa sekunde, saa moja ya matangazo huchukua takriban gigabaiti 1.1, ngoma ya saa tatu haifiki gigabaiti nne. Kwa kuwa umeme huweza kukatika, faili lirekodiwe katika muundo wa MKV, ambao kwa kawaida huhifadhi kile kilichokwisha kunaswa. Faili la kawaida la MP4 likikatizwa kabla ya kufungwa huenda lisifunguke kabisa.

Hata hivyo, pana hoja mbili zinazopaswa kujibiwa. Ya kwanza ni ya kitaalamu. Sauti ya mtandaoni imebanwa, na mawimbi yake si kamili. Mtafiti anayetaka kupima mpumuo unaotofautisha paa la nyumba na paa mnyama, katika lahaja zenye tofauti hiyo, asitegemee rekodi ya namna hii. Lakini kwa uchunguzi wa msamiati, wa kubadili msimbo kati ya Kiswahili na Kizaramo au Kikwere, na wa mahusiano ya fanani na hadhira, rekodi hiyo yatosha. Udhaifu wa data ni sababu ya kuitumia kwa uangalifu. Si sababu ya kuiacha ipotee.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na watendaji, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Masharti ya mitandao nayo huzuia kunakili bila idhini. Zaidi ya sheria, kuna heshima. Bibi aliyeimba harusini mbele ya jamaa zake hakukubali kwa kufanya hivyo kuwa mfano katika tasnifu. Kwa hiyo idhini iombwe, kwa mrushaji na kwa waimbaji, kabla ya kunasa kila inapowezekana. Aliyekataa aachwe. Nakala moja irudishwe kwa wenyewe, ambao mara nyingi hawana hata hiyo moja.

Faili lisiloambatana na maelezo halina faida kubwa. Tarehe, mahali, jina la ngoma, lugha zilizotumika, na masharti ya idhini yaandikwe siku ileile. Baada ya hapo, nakala ya pili iwekwe katika diski nyingine, na ya tatu katika taasisi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, pamoja na vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili, zingefaa kukubaliana juu ya utaratibu wa kupokea makusanyo hayo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika alichokijua kwa nyenzo za wakati wake. Warithi wa taaluma hiyo wana nyenzo zilizo bora zaidi, lakini muda walio nao ni siku 30.