Geji Zikicheza Pamoja, Usikimbilie Kununua Sensa

Leo naiacha kompyuta kidogo niingie kwenye ndege. Msinikimbie, ugonjwa ni uleule.

Nina rafiki anayejifunza urubani hapa Nairobi kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172. Ndege hizi zilianza kuuzwa mwaka 1956, zimetengenezwa zaidi ya 44,000, na nyingi zinazoruka hadi leo zina umri kuwashinda wanafunzi wanaozirusha. Ya rafiki yangu ina tabia yake. Mshale wa joto la oili hupanda ghafla, hukaa juu kidogo, kisha hushuka wenyewe. Geji ya joto la silinda nayo hucheza saa hiyohiyo. Sensa ya oili imebadilishwa mara mbili. Geji nayo ikabadilishwa. Mshale bado unacheza, na sasa wanafunzi wanaambiwa, "Isikusumbue, ndege hii ndivyo ilivyo."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Hebu tuanze na swali ambalo mwandishi yeyote wa programu angeuliza. Vitu viwili vikiharibika kwa wakati mmoja, vinashirikiana nini? Uwezekano wa sensa mbili kufa pamoja, kisha kufufuka pamoja, ni mdogo sana. Lakini zote mbili zimefungwa kwenye injini moja, na hapo ndipo penye siri.

Katika ndege nyingi za zamani, sensa ya joto ni kitu kinachobadilisha ukinzani wake kadiri kinavyopata moto. Waya mmoja unatoka kwenye geji hadi kwenye sensa. Waya wa pili haupo! Stima hurudi kupitia chuma cha injini yenyewe. Sasa injini ya ndege hukalia mipira ili mtetemo usifike kwenye bodi, na mpira haupitishi stima. Kwa hivyo kuna waya mnene, aghalabu wa kusuka, unaounganisha injini na bodi. Huo ndio waya wa ethi. Alternata nayo imefungwa kwenye injini, kwa hivyo stima yake yote hurudi kwa njia hiyohiyo.

Fanya hesabu ya sekondari. Tuseme kutu na uchafu vimeleta ukinzani wa omu 0.05 kwenye ncha ya waya huo. Omu 0.05 ni kidogo hata mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha vizuri. Lakini pitisha hapo ampea 30 za alternata na utapata volti 1.5. Geji haijui kwamba volti hizo zimetoka kwenye kutu. Inadhani ni joto. Washa taa ya kutua, mzigo uongezeke, mshale utasogea ingawa oili haijabadilika hata digrii moja.

Ndiyo maana nasema kubadilisha sensa kwa kubahatisha ni kupoteza pesa. Kipuri cha ndege lazima kiwe na karatasi zake, na karatasi hizo zina bei. Fundi mwenye leseni akiweka mita ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye bodi, huku stima nyingi inapita, anatakiwa kuona karibu sifuri. Akiona volti nzima, kazi imekwisha: fungua, sugua hadi chuma king'ae, kaza, au weka waya mpya. Hapimi ukinzani, anapima volti wakati mzigo upo. Ni kama programu inayofanya kazi vizuri mezani kwako na kuanguka watumiaji elfu moja wakiingia. Bila mzigo huoni kitu.

Geji za mafuta nazo ni shahidi mzuri hapa. Sensa zake ziko kwenye mabawa, haziko kwenye injini. Zikitulia wakati zile za injini zinaruka, shuku waya wa ethi wa injini. Zikiruka zote, angalia stima inayolisha dashibodi, au ethi ya dashibodi yenyewe.

Na kuna geji ambazo hazitumii stima kabisa. Katika ndege nyingi za aina hii presha ya oili huletwa na kijibomba chembamba kutoka kwenye injini hadi nyuma ya geji, na oili yenyewe ndiyo inayosukuma mshale. Geji hiyo haijali ethi. Joto la oili likipanda huku presha imetulia, una haki ya kushuku waya, ingawa bado utaendelea kuangalia. Joto likipanda na presha ikashuka, acha uhandisi, tafuta mahali pa kutua.

Sasa mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mshale huo ni mwongo atafanya nini siku utakaposema kweli? Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya pesa. Tena waya mbovu wa ethi haudanganyi geji peke yake. Stata huvuta stima nyingi mno, na ikikosa njia yake hutafuta nyingine, kwa mfano kebo za chuma ambazo rubani hutumia kuendesha injini. Kebo hizo zinaweza kuungua.

Kubwa nazo haziponi. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani huko Kanada. Geji zake za mafuta zilikuwa zimezimika, na chanzo kilikuwa lehemu mbaya ndani ya kifaa kimoja. Mafuta yakapimwa kwa kijiti, hesabu ikachanganya ratili na kilo. Rubani aliishusha kama tiara hadi Gimli, na watu wote 69 wakaokoka.

Najua mafundi watanijibu kwamba sensa hubadilishwa haraka na ndege isiyoruka haileti shilingi. Ni kweli, na sensa hufa pia. Ikiwa ni geji moja tu inayosumbua, anza nayo. Wengine watasema tung'oe geji zote tuweke skrini za kisasa. Mimi napenda skrini, ndizo zinazonilisha, lakini skrini iliyofungwa juu ya ethi mbovu itakupa uongo uleule wenye nukta ya desimali.

Kinachokosekana hapa ni maelezo. Kitabu cha ndege kimeandikwa "geji ya joto inasumbua," na jibu chini yake ni "imekaguliwa, iko sawa." Sisi watu wa programu tunaijua ripoti ya namna hiyo na tunaichukia. Rafiki yangu sasa ameandika hivi: joto la oili na la silinda hupanda pamoja, taa ya kutua ikiwashwa huzidi, ikizimwa hupungua, presha ya oili haibadiliki, geji za mafuta zimetulia. Fundi akisoma hayo hana haja ya kufungua boksi la sensa ya tatu.