Ubunge Usiwe Ngazi ya Kupandia Uwaziri

Katavi ikimtafuta mwanasiasa wake aliyefika mbali, jina la Mizengo Pinda haliwezi kukosekana. Mtoto wa mkulima, kama alivyopenda kujiita, alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akawa mwanasheria wa Serikali, kisha akafanya kazi Ikulu kwa miaka mingi. Aliingia bungeni mwaka 2000 kwa Jimbo la Mpanda Mashariki, akiwa na takriban robo karne katika utumishi wa umma. Mwaka uleule akateuliwa naibu waziri. Mwaka 2006 akawa waziri, na Februari 2008, Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, Pinda akawa Waziri Mkuu.

Ni safari ya heshima. Ila hakupata nafasi ya kuwa mbunge tu, wa kuihoji Serikali bila kuwa sehemu yake. Kosa si lake. Katiba yetu inataka mawaziri watokane na wabunge, na Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Katiba hiyohiyo, ibara ya 63, inalipa Bunge jukumu la kuisimamia Serikali. Mbunge wa chama tawala mwenye ndoto ya uwaziri anajikuta akiwasimamia watu anaotamani kuwa mmoja wao, huku anayeteua akimtazama.

Matokeo yake tunayasikia. Mbunge anainuka kuuliza kwa nini pembejeo za wakulima wa tumbaku zimechelewa. Anaanza kwa kumpongeza Mheshimiwa Rais, anamshukuru Waziri Mkuu, anamsifu waziri kwa uchapakazi wake. Muda unayoyoma. Swali la mkulima linakuja mwishoni, limepunguzwa makali, na jibu linakuwa kwamba Serikali sikivu inalifanyia kazi.

Wapo watakaosema Katavi imefaidika kuwa na mkubwa serikalini. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, Pinda akiwa Waziri Mkuu, na baadaye Isack Kamwelwe wa Jimbo la Katavi naye akawa waziri. Hoja hiyo ina uzito kwa watu waliokaa pembezoni muda mrefu. Lakini kama barabara na maji vinafuata alikozaliwa waziri, jimbo lisilo na waziri lingoje nini? Maendeleo ya haki yanatoka kwenye bajeti iliyochambuliwa na watu wasioogopa kuuliza.

Mpanda yenyewe, ndani ya Katavi, imeonyesha kuwa kuna njia nyingine. Mwaka 2005, Said Arfi alishinda Mpanda Kati kwa tiketi ya chama cha upinzani, CHADEMA, moja ya majimbo matano tu ambayo chama hicho kilipata mwaka ule, na mwaka 2010 akarudi bungeni kwa Mpanda Mjini. Mpinzani hana uwaziri wa kungojea. Nguvu yake bungeni ni hoja anayoijenga. Si kila mpinzani huitumia vizuri nafasi hiyo, lakini walau hakuna cheo kinachomfunga mdomo.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Warioba, iliuona ugonjwa huu wa mbunge kungojea uwaziri. Rasimu yake ya 2013 ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Wakenya walikwishaliandika hilo katika Katiba yao ya 2010. Wapo wanaohofu kwamba waziri asiye na jimbo atasahau shida za wananchi. Hofu hiyo ina dawa: aitwe mbele ya kamati, aulizwe na mbunge ambaye hatarajii kukaa kwenye kiti chake. Naiunga mkono rasimu ile kwa moyo wote, maana itampa mbunge ngazi yake mwenyewe ya kupanda: kutoka udiwani hadi ubunge, kutoka ujumbe wa kamati hadi uenyekiti wake.

Katiba haitabadilika kesho. Kwa sasa kazi ipo kwa wajumbe wa kura za maoni ndani ya vyama na wapiga kura wa Mpanda, Nsimbo na Kavuu. Anayeomba ubunge tumuulize ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya halmashauri yetu ameisoma lini, na alipokuwa diwani alipinga nini. Anayejibu kwa kutuhesabia wakubwa anaofahamiana nao anaomba kazi nyingine, na sisi hatuna wajibu wa kumpandisha.